Vidole Visivyo na Mafuta

Mama aliweka ndimu tatu kwenye sinia, kisha akabaki amesimama mlangoni. Nikajua ana neno.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nyumbani kwetu Lubunga, ng'ambo ya mto. Nilikuwa nafunga bilauri zangu ishirini na mbili, kila moja ndani ya kipande chake cha kitenge, nikizipanga kwenye kreti ya bia ambayo mama hakuipenda hata siku moja. Saa tano nilitakiwa kuwa Makiso, katikati ya mji, kwa baba yake Mbambu, mpenzi wangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa kule. Mzee alikuwa ametuma neno kwa mdomo wa binti yake mwenyewe: "Aje nimuone. Na alete hayo mavere yake, nisikie ni kitu gani kinamufanya mutoto wangu akatae watu wenye kazi." Mavere ndizo hizi bilauri.

"Watakupa chakula," mama alisema.

"Watanipa."

"Watachinja."

"Mama, ni watu wazuri."

"Sikusema ni wabaya. Nimesema watachinja." Alikaa kwenye kiti cha kamba, akavuta kanga mabegani. "Miye nimekaa na Wakristo tangu nazaliwa. Nakula ndizi yao, nakula samaki yao, kwenye matanga yao nalia kama wao. Nyama yao, hapana. Baba yako alikufa hajaitia mukononi. Piga muziki yako, cheka nao, lakini nyama usiguse. Niambie ndiyo."

"Ndiyo, mama."

Niliitoa ile ndiyo kama mtu anavyompa mwendesha toleka, ile baiskeli ya abiria, nauli, bila kumtazama usoni. Nilikuwa na haraka. Nikatia ndimu mfukoni, nikabeba kreti kichwani, nikashuka hadi mtoni.

Lazima nieleze hizi ndimu. Bilauri haitaki mafuta. Unalowesha kidole, unakizungusha kwenye mdomo wake, na bilauri inaimba. Ukiwa na tone moja la mafuta chini ya ukucha, inanyamaza, au inakwaruza kama paka mgonjwa. Siku ya kazi sili kitu chenye mafuta mpaka nimalize. Nanawa kwa ndimu mara tatu, nakausha vidole kwenye hewa, sishiki hata nywele zangu. Nilijifunza hivyo katika miaka tisa niliyokuwa naosha vyombo kwenye hoteli moja pale mjini. Shule niliiacha darasa la sita. Bilauri ndizo zilizonifundisha kilichobaki.

Sasa mjini wananiita Zuberi wa Mavere. Napiga kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye sherehe za watu kustaafu. Mwenzangu ni Baraka, seremala, ambaye anapiga msumeno. Anaukunja juu ya goti na kuuvuta kwa upinde wa nyuzi za nailoni, nao unalia kama mwanamke aliyeachwa gatini. Kwanza watu wanatucheka. Halafu wanaacha kucheka. Nimeona wanaume wenye vitambi wakifuta macho kwa kitambaa cha meza.

Mbambu nilimkuta dukani kwa baba yake, miaka miwili iliyopita. Papa Mumbere Néhémie ni Mnande wa Butembo, anauza vyombo kwa jumla na kwa rejareja, na kwake tu ndiko zilikopatikana bilauri nyembamba za mguu mrefu, za divai. Nilikuja kununua sita. Nilifungua katoni nne, nikawa nalowesha kidole kwenye kikombe cha maji na kusugua moja moja, sikio karibu.

"Weye papa," nikasikia sauti nyuma ya kaunta, "unanunua vere ao unazibembeleza?"

Nikageuka. Alikuwa anaficha kicheko kwa kiganja, na kucha zake zilikuwa nyekundu. Nikampigia sauti tatu kwenye bilauri tatu. Kicheko kikaisha, kiganja kikabaki mdomoni. Nilimtazama vile, na nikajua nitarudi kununua vyombo nisivyohitaji.

Nilirudi. Yeye ndiye aliyeniondolea taabu ya kupima maji kila mara. Alichukua kichupa chake cha rangi ya kucha, akaweka mstari mwekundu kwenye kila bilauri, pale maji yanapotakiwa kuishia. Akimaliza mstari anaupuliza ukauke. Bilauri ishirini na mbili, na kila moja aliipuliza kwa mdomo wake, na mimi nilikuwa natazama mdomo, si mstari. Kwa hiyo naweza kusema kila sauti niliyopiga Kisangani katika miaka hiyo miwili, Mbambu ndiye aliyeiwekea mpaka.

* * *

Papa Mumbere alitupokea mlangoni mwenyewe, mimi na Baraka. Ni mtu mfupi, mabega mapana, anavaa kofia hata ndani ya nyumba. Alinipa mkono akaushika kwa muda mrefu, akautazama.

"Hivi ndivyo vidole?"

"Ndivyo, papa."

"Ni vya mutu wa kawaida."

"Ni vya mutu wa kawaida, papa."

"Bon. Ingia."

Walikuwa wametoka Misa. Mama Exaucée, mama yake Mbambu, alikuwa bado na nguo ya kanisani, amejifunga kitenge juu yake ili asiichafue. Dada mkubwa wa Mbambu alikuwepo na mumewe na watoto wanne. Mbambu alipita na sahani mikononi, akanitazama mara moja tu, haraka, kama mtu anayegusa pasi kuona kama imepata moto. Alikuwa amepaka kucha upya.

Nilipanga bilauri kwenye meza ndogo karibu na dirisha, nikamimina maji mpaka kwenye mistari. Nikanawa kwa ndimu uani. Nikarudi nimenyanyua mikono mbele kama daktari.

Chakula kikaletwa. Kulikuwa na lituma, yale madonge ya ndizi za kupondwa, makubwa, ya kung'aa. Kulikuwa na pondu, majani ya muhogo. Na katikati ya meza kulikuwa na mbuzi, sufuria nzima, imeogelea kwenye mawese mpaka nyama zilionekana kama mawe mekundu mtoni. Papa Mumbere alisali. Sala ilipoisha alivuta pumzi, akajinyoosha, akatutazama mimi na Baraka kama mtu mwenye hotuba. Lakini beseni la maji lilikuwa limeshafika kwangu. Mtoto wa dada yake Mbambu alikuwa amelishika kwa mikono miwili, anangoja ninawe.

Sikunawa.

"Mama," nikamwambia Mama Exaucée, "miye nitakula nyuma."

Kijiko cha mtu kiligonga sahani. Papa Mumbere, aliyekuwa amefungua kinywa, akakifunga.

"Nyuma ya nini?" akauliza.

"Nyuma ya muziki, papa. Ni ju ya vidole. Mafuta inaua vere."

"Muziki inakimbia?"

"Hapana, papa."

"Mbuzi ndiyo inakimbia?"

Mume wa dada mkubwa akacheka kidogo, akaacha. Baraka alikuwa ameshanawa, ameshachukua paja. Baraka ni Mwislamu kama mimi, tumesoma madrasa kwenye mkeka mmoja, lakini tumbo lake halina dini. "Papa, miye napiga na upinde," alisema, mdomo umejaa. "Nitakula fungu yangu na fungu yake." Watoto wakacheka. Wakubwa hawakucheka.

Hapo Mbambu akaja nyuma yangu. Aliweka uma, ile forsheti ya wageni, kando ya sahani yangu, taratibu, na kidole chake chekundu kikabaki juu ya uma kwa muda kidogo kabla hajauachia.

Niliuona. Naweza kusema sikuuona, lakini niliuona. Nikausogeza pembeni kwa mkono wa kushoto.

"Nitakula nyuma," nikarudia.

Papa Mumbere alitazama uma. Akatazama mkono wangu. Akachukua kisahani, akafunika sahani yangu, na fungu la nyama lililokuwa limeshapakuliwa ndani, kwa mkono wake mwenyewe.

"Bon," akasema. "Tule sisi."

Walikula haraka kama watu waliofiwa. Kisha nikapiga.

Sijawahi kupiga vizuri kama siku ile. Vidole vilikuwa vikavu, maji yalikuwa sawa, hewa ilikuwa tulivu. Nilipiga wimbo wa Misa ambao Mbambu alinifundisha kwa kuuimba polepole dukani, kisha nikapiga wa harusi. Baraka aliingia na msumeno chini yake. Bilauri ziliimba mpaka vikombe kabatini vikaanza kuitikia. Watoto walipiga makofi. Mbambu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameegemea fremu, na alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mzigo wake ukipelekwa upande usio wake.

Nilipomaliza, nilitabasamu kama mjinga.

"Sasa, mama, nipe chakula. Labda lituma, na pondu kidogo."

"Pondu?" Mama Exaucée akauliza.

"Pondu kidogo tu."

Alitazama sufuria ya pondu, ambayo hata mimi niliiona imejaa nusu. "Pondu imekwisha," akasema.

Papa Mumbere akanisindikiza mpaka nje. Alimpa Baraka mkono. "Weye rudi siku yoyote. Unajua kukaa na watu." Kisha akanigeukia. "Vere zako zinaimba muzuri. Zinaimba kama mutu aliyelala na njaa. Safari njema."

Kwenye mtumbwi wa kurudi Lubunga, Baraka alinigeukia tulipofika katikati ya mto.

"Umeharibu," akasema.

"Nitaeleza kesho. Mbambu anajua kazi yangu. Anajua mambo ya mafuta."

"Anajua," alisema Baraka. "Ndiyo maana umeharibu."

* * *

Jumatatu nilivuka mapema. Nilimkuta peke yake dukani, juu ya ngazi fupi, anapanga mabakuli. Baba yake alikuwa kwenye depo ya bidhaa. Hakushuka.

"Duka iko wazi," alisema. "Unatafuta nini?"

"Natafuta kuongea na weye."

"Ongea. Hata huku juu nasikia."

"Jana nilikosea."

"Ulikosea nini? Usiniletee kosa imefungwa kwenye karatasi. Fungua."

"Nilipaswa kula."

"Na ju ya nini hukula?"

"Mbambu, weye unajua. Vidole. Weye ndiye mutu pekee pale ndani aliyejua."

"Ndiyo," alisema, na akaweka bakuli moja ndani ya jingine bila sauti. "Ndiyo maana niliweka forsheti."

Pikipiki ilipita nje. Nikangoja ipite, ingawa haikuwa na haja.

"Nilisahau kama ilikuwepo."

"Uliisukuma na mukono wa kushoto. Nilikuwa nyuma yako."

"Hata na forsheti mafuta inaruka."

"Zuberi." Sasa alishuka. Alishuka ngazi tatu, akasimama mbele yangu, na nikaona macho yake hayakulala. "Ulikuwa na ndimu mufukoni, nilisikia harufu yake tangu mulangoni. Ungekula na mikono, halafu ungenawa."

"Kutoa mawese kwenye kucha inachukua saa nzima."

"Tungekungoja saa nzima. Papa anafungua duka hata Jumapili nyuma ya Misa. Hata tulipomuzika bibi alifungua magaribi. Jana hakufungua. Unafikiri alikuwa na haraka ya kusikia vere?"

Nilinyoosha mkono nimguse. Hakurudi nyuma, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu mkono wangu ulifika kwenye bega lake na bega halikufanya kitu. Lilikuwa kama bega la mtu kwenye foleni.

"Acha nikuulize kitu moja," akasema. "Moja tu. Usizunguke."

"Uliza."

"Kama jana hakungekuwa na vere. Kama papa angesema: acha mavere yako, kuja tu ukule na sisi. Ungekula ile nyama?"

Nilitakiwa kusema ndiyo. Ni neno fupi. Nilikuwa nimempa mama neno lile asubuhi ya jana yake bila hata kufikiri, nikiwa nafunga kamba ya kreti. Sasa nililitafuta na halikuja. Na katika kulitafuta nikaona jambo ambalo sikutaka kuliona: siku ile nilifurahi kuwa na bilauri. Mbele ya mama zilinipa ruhusa ya kwenda. Mbele ya Papa Mumbere zilinipa ruhusa ya kutokula. Nilijificha nyuma ya vioo, nikidhani sionekani.

"Mama aliniomba..." nikaanza.

"Sikukuuliza mama."

"Nilimuahidi, Mbambu. Ni muzee. Ni mutu ya dini."

"Ungeniambia. Hivyo tu. Ungekuja kwangu Jumamosi ungesema: Mbambu, nyama siwezi, mama ameniapisha. Ningepika samaki. Unafikiri ndani ya Kisangani samaki imekosa?" Sauti yake ilikuwa chini, ya kawaida, kama anamweleza mteja bei. "Miaka mbili unanifundisha kusikia vere ikidanganya. Mafuta kidogo tu, unaniambia, sikia, hii inadanganya. Na weye mwenyewe ulidanganya mbele ya mama yangu, na kwa sauti nzuri."

Alizunguka kaunta, akainama, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Alikifungua. Ilikuwa sahani yangu ya jana, na kisahani juu yake.

"Mama alikataza mutu yoyote aiguse. Alisema ni fungu ya mukwe." Akaondoa kisahani. "Nimeipasha kwenye moto ya makala nilipofungua. Hapa hakuna vere. Papa hayuko. Mama yako hayuko, iko ng'ambo. Hakuna mutu wa kukupigia makofi. Kula."

Mvuke ulikuwa umeshaisha, lakini harufu ilikuwepo: tangawizi, pilipili, mafuta mazito. Nilimtazama. Sijui kama nimewahi kumpenda kama dakika ile, amesimama na mikono miwili juu ya kaunta, kama anaizuia isianguke. Alikuwa ananipa mlango. Kila mtu mwingine alikuwa ameshaufunga, yeye alikuwa amebaki ameushika kwa mguu.

Mkono wangu ulikwenda kwenye sahani. Vidole viligusa nyama. Kisha vikasimama, na nikasikia mdomo wangu ukiuliza, kama kikohozi kinavyotoka:

"Nani alichinja?"

Mbambu hakulia. Alifunga macho, akayafungua.

"Hamadi."

"Hamadi gani?"

"Hamadi wa nyama, ule wa karibu na musikiti. Papa alienda kumuchukua mwenyewe na pikipiki, asubuhi, mbele ya kwenda Misa. Alimwambia: mukwe wangu ni Mwislamu, sitaki akule kwangu na wasiwasi. Hamadi alileta kisu yake mwenyewe. Alisema maneno yenu pale uani, na papa alivua kofia. Papa, Zuberi. Ule mutu havui kofia hata kwa daktari."

Nilitoa mkono kwenye sahani.

"Ju ya nini hakusema?"

"Alitaka aseme mezani, nyuma ya sala, mbele ya watu wote. Alitukataza tusimuharibie. Alikuwa amejifunza maneno tangu Jumamosi. Alikuwa anayasema peke yake bafuni." Alijaribu kucheka na ikashindikana. "Alikuwa ameshafungua kinywa."

Nikakikumbuka kile kinywa. Nikakumbuka kilivyofunguka, na beseni lilivyokuwa mbele yangu, na neno langu lilivyokitangulia.

"Nitamuomba msamaha," nikasema. "Leo. Nitapiga magoti hapa hapa mbele ya wateja."

"Papa atakusamehe. Papa anauza vyombo, amezoea vile vinafika vimevunjika." Alikuwa anakunja kile kitambaa, mara mbili, mara nne. "Ni miye."

"Mbambu."

"Acha nimalize. Miye siwezi kuolewa na mutu ambaye kila siku nitakuwa nachungulia sahani yake. Nitapika, nitakuangalia. Ukisema umeshiba, nitajiuliza. Tukizaa, nikimulisha mutoto mbele ya mama yako, nitajiuliza. Hata ukisema unanipenda, nitatafuta forsheti iko wapi."

"Nakupenda. Hiyo siyo uongo."

"Najua. Hapa dukani ulinipenda sana." Aliinua uso, na sasa macho yalikuwa yamejaa, ila hayakumwagika. "Lakini jana, kwenye meza ya mama yangu, ulikuwa mupita njia. Na mimi naishi kwenye ile meza, Zuberi. Duka ni ya papa."

Alifungua mtoto wa meza. Ndipo nilipoona kucha zake. Zilikuwa tupu, zimefutwa, nyeupe kidogo pembeni. Alitoa kile kichupa cha rangi nyekundu akakiweka kando ya sahani.

"Chukua. Mistari ikifutika, utaweka mwenyewe. Unajua maji inaishia wapi."

"Si weye ndiye unapuliza?"

Lilikuwa swali la kijinga. Lakini ndilo lililomvunja. Alifunika mdomo kwa kiganja, vilevile kama siku ile ya kwanza alipoficha kicheko, na akasubiri mpaka kilichokuwa kinakuja kikarudi chini.

"Sasa kula," alisema nyuma ya kiganja. "Sasa unajua nani alichinja. Kula."

Akapita kwenye pazia, akaingia ndani. Nilisikia hatua zake hadi mwisho wa korido, kisha mlango.

Nikala.

Sijui watu wengine wangefanya nini. Labda wangemkimbilia. Labda wangeiacha ile sahani na kuondoka na heshima iliyobaki. Mimi nilisimama kwenye kaunta ya Papa Mumbere nikala fungu lote, kwa mikono, nyama baada ya nyama, na nilijua katika kila tonge kwamba nakula kwa sababu nimeambiwa ni Hamadi, na kwamba yeye kule ndani anajua hivyo pia. Angekuwa hajasema jina, mkono wangu ungekuwa bado umesimama. Kwa hiyo kula kwangu kulikuwa ni kumkubalia kila neno alilosema. Lakini nililia na nikala. Mafuta yaliganda kwenye midomo. Yaliingia chini ya kucha zote kumi. Saa tisa mimi na Baraka tulikuwa na kazi Tshopo, muuguzi mmoja anastaafu, na ndimu moja ilikuwa imebaki mfukoni tangu jana. Sikuifikiria.

Nilikuwa nachukua kipande cha mwisho mlango wa mbele ulipofunguka. Papa Mumbere aliingia na katoni begani, kofia kichwani. Aliishusha katoni. Alinitazama, akatazama sahani, akatazama pazia ambalo halitikisiki tena. Hakuwa mtu wa kuhitaji kuelezwa.

Alikuja hadi kwenye kaunta, akainamisha sahani kidogo kuelekea kwenye mwanga, kama anakagua chombo kabla ya kukiuza.

"Mama yake atauliza kama umemaliza," alisema.

"Nimemaliza, papa."

Alitikisa kichwa polepole. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ningefurahi kama ingekuwepo.

"Jana nyama ilikuwa ya moto," alisema.

Kisha akaichukua sahani, akaingia nayo ndani, akaniacha pale na vidole vyangu.